Kubadilisha swichi ya ufunguo kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya yanahusu magari ya ufunguo wa kuchomeka na kuzungusha, ambayo swichi yake iko ubavuni mwa nguzo ya usukani: Corolla, Carina, Mark II, Hiace, Hilux na Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, pamoja na Nissan, Suzuki na Canter za umri huohuo. Magari ya kuwasha kwa kitufe cha kiwandani yana utaratibu mwingine kabisa.

Swichi ya ufunguo ni kitu kimoja au vingi?

Ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, na asiyevitofautisha hununua asichohitaji.

Cha kwanza ni kitasa, pale unapochomeka ufunguo. Ndani yake kuna vibati vyembamba vya shaba na springi ndogo zinazovisukuma. Ufunguo sahihi huvipanga vyote sawa, kitasa kikazunguka. Cha pili ni loki ya usukani: chuma kinachochomoza na kuingia kwenye mfuo wa nguzo ili usukani usigeuke. Cha tatu ni swichi ya umeme, kipande cha plastiki chenye nyaya, kimekaa upande wa nyuma. Kitasa kikizunguka, ulimi wake wa mwisho huzungusha swichi hiyo, nayo ndiyo inayogawa umeme.

Vitatu hivi huharibika kila kimoja kwa wakati wake. Kwenye Toyota nyingi unaweza kubadilisha kitasa peke yake, au swichi ya umeme peke yake, bila kugusa kingine. Fundi akikuambia "leta nzima" kabla hajapima chochote, mwombe apime kwanza.

Nitajuaje kilichokufa ni kipi?

Fuata dalili.

Ufunguo hauingii, unaingia kwa shida, au unaingia lakini hauzunguki: tatizo liko kwenye kitasa au kwenye ufunguo wenyewe. Jaribu ufunguo wa akiba. Kama wa akiba unazunguka vizuri, kitasa ni kizima, ila ufunguo wa kila siku umelika. Chonga mwingine kwa kufuata ule wa akiba. Kuchonga kwa kufuata uliolika ni kuhamisha ubovu.

Ufunguo unazunguka vizuri lakini taa za dashibodi zinakuja na kupotea, au gari linazimika ukipita kwenye matuta, au ukitikisa ufunguo redio inakata: hapo ni swichi ya umeme, au soketi yake imelegea.

Stata inazunguka lakini injini inashika pale tu unapoachia ufunguo: swichi haipeleki umeme wa kuwashia injini ikiwa kwenye START (hatua ya mwisho ya ufunguo, ya kupigia stata). Kinyume chake, injini inashika ukiwa START na kuzima ukirudi ON (hatua ambayo ufunguo hukaa gari likitembea): mguso wa ON umeungua. Dalili hizi mbili huwapotosha watu wengi, wakaishia kubadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta bila sababu. Kwenye gari la dizeli dalili ya pili huonekana hivyohivyo, kwa sababu koili inayofungua mafuta kwenye pampu hupata umeme wake kutoka ON.

Ufunguo unazunguka bure bila kugota popote: ulimi wa nyuma ya kitasa umevunjika, au kitasa kimechomoka kwenye pini yake.

Napimaje swichi ya umeme?

Kwa multimita. Kwanza pima betri. Ikiwa imepumzika iwe kati ya volti 12.4 na 12.6. Canter na Coaster nyingi zina mfumo wa volti 24, hivyo huko tarajia maradufu.

Kwenye Toyota, nyaya za swichi zina majina yanayojirudia karibu kila modeli: AM1 na AM2 zina umeme muda wote, ACC ni ya redio, IG1 na IG2 hupata umeme ukiweka ON na hubaki nao ukipiga stata, ST hupata umeme ukiwa START tu. ACC hukatika unapopiga stata, na hilo si kosa.

Weka ncha moja ya multimita kwenye AM2 na nyingine kwenye IG2, ufunguo ukiwa ON na soketi ikiwa imechomekwa. Swichi nzima huonyesha karibu sifuri. Ikipita volti 0.3 hivi, vigusio vya ndani vimeungua. Fanya vivyo hivyo kati ya waya wa umeme wa kudumu na ST wakati mwenzako anapiga stata, gari likiwa fri na breki ya mkono juu.

Ufunguo umegoma kabisa kuzunguka. Niulazimishe?

Hapana, utaukata ndani, na kipande kilichobaki kina usumbufu kuliko kitasa kibovu. Mara nyingi usukani ndio unaoikandamiza loki, hasa gari likiegeshwa tairi zimekunjwa au zimeegemea jiwe. Shika usukani, uvute kwa nguvu upande ule unaokubali kidogo, na wakati huohuo zungusha ufunguo taratibu. Ukishindwa, jaribu upande wa pili.

Bado? Chomoa ufunguo, ufute, urudishe kwa nusu milimita pungufu ya mwisho kisha uzungushe. Ukikubali hapo, vibati au ufunguo vimelika. Kinachofuata ni kusafisha, na kusafisha kukishindwa, kubadilisha.

Kwa nini vitasa vinagoma sana huku?

Chumvi na vumbi. Gari linalolala Mikindani, Shangani au karibu na bahari Lindi mjini linavuta hewa ya chumvi usiku kucha. Vibati vya shaba huvumilia, lakini zile springi ndogo ni chuma, hupata kutu na kukatika. Kwenye soketi ya nyuma, vituo vya shaba, yaani ncha zinazoungia nyaya, huota ukungu wa kijani na kuanza kupata joto. Gari linaloshinda Tandahimba, Newala au Nachingwea msimu wa korosho lina shida nyingine: vumbi laini jekundu linaloingia tundu la ufunguo kila siku. Gari linalofanya safari zote mbili hupata mchanganyiko wa vumbi na unyevu, unaoganda kama udongo wa ukuta.

Uzito nao unachangia. Rundo la funguo za nyumba, duka na ghala likining'inia kwenye swichi, kila shimo la barabara linakila kitasa. Acha ufunguo wa gari peke yake.

Nipake oili au grisi kwenye tundu la ufunguo?

Usipake. Oili na grisi hukamata vumbi, na baada ya wiki chache kitasa kinakuwa kigumu kuliko mwanzo. Kama kimegoma, toa waya hasi wa betri, pulizia dawa ya kusafishia vigusio vya umeme, ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi, ufute kila unapotoka na uchafu, kisha acha kikauke. Halafu weka unga wa grafaiti kidogo sana. Usipoupata dukani, sugua penseli laini pande zote mbili za ufunguo hadi ung'ae kijivu, uingize na kuutoa. Ile risasi ya penseli ni grafaiti hiyohiyo.

Nikiamua kubadilisha, niandae vifaa gani?

Spana namba 10 ya vichwa vya betri, bisibisi ya nyota ya kati na ndogo, bisibisi bapa, tochi, multimita, na kijiti cha chuma chembamba cha milimita 2 hivi. Spoku ya baiskeli iliyokatwa na kusawazishwa ncha inatosha kabisa. Kama gari lako lina bolti zisizo na kichwa, ongeza senta panchi, nyundo ndogo, drili, biti za milimita 3 na 4, na biti ya kung'olea bolti yenye meno ya kinyume.

Kitasa cha Toyota kinatolewaje?

Kama ufunguo bado unazunguka, kazi hii haifiki saa moja.

Egesha mahali tambarare, tairi zikiwa zimenyooka. Toa waya hasi wa betri kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa unalegeza chanya, inapiga shoti.

Fungua skrubu za kava za plastiki za nguzo ya usukani. Ziko chini, kwa kawaida tatu, na moja inaweza kuwa imejificha nyuma ya usukani. Zungusha usukani nusu kuiona. Tenganisha kava ya juu na ya chini kwa vidole. Plastiki ya miaka 30 iliyokaa kwenye jua la kusini inavunjika kama kaukau, kwa hiyo usitie bisibisi mahali ambapo hujaona kishikizo. Usukani wenyewe hauna haja ya kutolewa.

Toa pete ya taa ya tundu la ufunguo kama ipo. Chomeka ufunguo, uuweke ACC. Kwenye nyumba ya chuma ya kitasa utaona tundu dogo la duara, mara nyingi upande wa chini. Ingiza spoku, bonyeza pini iliyo ndani, na huku umebonyeza vuta ufunguo kuja kwako. Kitasa kinatoka kizima kizima.

Kisipotoka, sababu karibu kila mara ni ACC: ufunguo umepita kidogo au haujafika. Usogeze nywele moja kushoto na kulia huku ukibonyeza. Usigonge kwa nyundo.

Kitasa kipya kinaingia nacho kikiwa ACC, ufunguo ndani, pini yake ikielekea tundu. Kabla ya kukisukuma, angalia kwa tochi ulimi wa nyuma na mfuo unaoupokea vimekaa mwelekeo mmoja. Sukuma hadi usikie pini imeruka mahali pake, kisha kivute. Kama kinachomoka, hakijashika, na gari lisitoke hapo.

Na swichi ya umeme peke yake?

Ni rahisi zaidi. Fuata nyaya nyuma ya kitasa, chomoa soketi, fungua skrubu moja au mbili ndogo zinazoishika. Nafasi ni finyu na skrubu ni laini, hivyo bisibisi iwe fupi na ijae kichwani. Weka ufunguo LOCK (hatua ya kwanza, ya kuchomolea ufunguo), na swichi mpya nayo uizungushe hadi LOCK kabla ya kuifunga. Zikipishana hatua moja, stata itapiga ukiwa ON.

Kagua soketi kabla ya kuirudisha. Plastiki ikiwa imeyeyuka au kituo kimebadilika rangi kuwa cha bluu au kahawia, swichi mpya itaungua vilevile. Kukibana kituo kwa plaizi kunasaidia siku chache tu, maana shaba iliyopata moto imepoteza uspringi wake. Kata, weka kituo kipya.

Nyumba ya kitasa imefungwa na bolti zisizo na kichwa. Zinafunguliwaje?

Zimetengenezwa hivyo ili mwizi asifungue. Kiwandani bolti hukazwa mpaka kichwa kinakatika. Zipo kwenye Toyota pia, lakini utazihitaji tu ukibadilisha nyumba nzima, yaani loki ikivunjika au funguo zikiwa hazipo. Kwenye Nissan na Suzuki nyingi za zamani hakuna njia nyingine ya kutoa kitasa.

Piga alama katikati ya bolti kwa senta panchi. Usiiharakishe hatua hii. Alama ikienda kando, biti itakimbilia kwenye aluminiamu ambayo ni laini kuliko bolti, na utatoboa nyumba. Toboa kwa biti ya milimita 3, kisha 4, mwendo wa taratibu. Ingiza biti ya meno ya kinyume na uizungushe kushoto. Wengine hutumia tindo nyembamba kuigonga bolti ukingoni ili izunguke kushoto. Njia hiyo inafaa, ila nyundo iwe nyepesi, kwa sababu nguzo za magari mengi zimeundwa zijikunje wakati wa ajali, na kipigo kizito kinaweza kuziharibu.

Funika swichi na soketi kwa kitambaa kabla ya kutoboa. Unga wa chuma ukiingia humo, utapiga shoti.

Wakati wa kurudisha, zikaze bolti mpya kwa mkono wa wastani tu, jaribu ufunguo hatua zote nne, jaribu loki ishike na kuachia, ndipo ukaze mpaka vichwa vikatike. Ukikata kwanza na kugundua loki inakwaruza, unaanza upya na drili. Kama hukupata bolti za aina hiyo, ya kawaida yenye meno na urefu uleule inashika vizuri, ila inafunguka kwa spana ya yeyote. Ndefu kupita kiasi itakandamiza bomba la nguzo.

Gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani. Kuna hatari?

Ipo. Toa waya hasi, subiri sekunde 90 kamili kabla ya kugusa chochote, na usipime wala kuchomoa soketi za rangi ya njano. Mfumo huo hubaki na chaji ya akiba hata betri ikiwa imetolewa.

Gari ni otomatiki na ufunguo hautoki. Kitasa kimekufa?

Huenda kiko salama. Magari mengi ya otomatiki hayaachii ufunguo gia isipokuwa P. Sukuma gia mbele kabisa, itikise kidogo, jaribu tena. Ikikubali, rekebisha kebo au swichi ya gia.

Baada ya kubadilisha nitakuwa na funguo mbili, wa milango na wa kuwashia?

Ndiyo, labda uhamishe vibati. Fundi ufunguo mzuri hufungua kitasa cha zamani na kipya, akapanga vibati vya kipya vilingane na ufunguo wako. Vibati vingi vya Toyota vina namba ndogo iliyogongwa, kwa hiyo kazi ni ya kupanga kwa kufuata namba. Kibati kilicholika kisirudishwe. Kitafutiwe kingine chenye namba hiyohiyo. Ifanyeni kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, maana springi moja ikiruka kwenye mchanga imepotea.

Ninunue mpya au ya mtumba?

Swichi ya umeme nunua mpya. Vigusio huisha kwa matumizi, na ya mtumba imeshatumika miaka ileile kama yako. Nyumba nzima yenye loki, ya mtumba kutoka Japani ikiwa na ufunguo wake halisi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini, ambayo mara nyingi chuma chake ni laini na ufunguo unaanza kucheza mapema.

Ukikosa madukani Mtwara, Masasi au Lindi, mzigo utatoka Kariakoo au Ilala kwa basi, na kurudisha kisichofanana ni safari nyingine ya zaidi ya kilomita 400. Kwa hiyo tuma picha kabla ya kulipa: soketi ikionyesha idadi na mpangilio wa vituo, nyuma ya swichi, kitasa kwa ubavu, na namba ya chesisi. Jina la gari pekee halitoshi. Corolla mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na soketi tofauti.

Ufunguo una chipu. Kuna kinachobadilika?

Magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea yanaweza kuwa na pete ya koili kuzunguka tundu, inayosoma chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo. Kitasa kipya hakibadilishi chipu inayotambuliwa. Ufunguo mpya usio na chipu hiyo utazunguka, stata itapiga, lakini injini haitashika. Tunza ufunguo wa zamani hata kama umelika.

Fundi amependekeza kuruka swichi, aweke kitufe na nyaya za moja kwa moja. Nikubali?

Tunashauri ukatae. Kwanza, nyaya hizo kwa kawaida huchukuliwa kabla ya fyuzi. Zikisuguliwa na chuma cha nguzo, moto unaanzia magotini mwako. Pili, loki ya usukani bado ipo. Kwenye Toyota hushika pale ufunguo unapochomolewa, na gari linaloendeshwa kwa bisibisi au kitasa kilichovunjwa linaweza kufunga usukani kwenye kona. Tatu, yeyote ataliwasha.

Kama umekwama Mnazi Mmoja usiku na lazima ufike, basi loki iwe imefunguliwa na ufunguo ubaki ndani ukiwa ON muda wote. Kesho yake itengenezwe.

Stata imeng'ang'ania, inaendelea kuzunguka hata nikiachia ufunguo.

Toa waya wa betri mara moja. Stata haikuumbwa kuzunguka mfululizo na itaungua. Kisha angalia: ufunguo haurudi wenyewe kutoka START hadi ON? Springi ya kurudishia imekatika au kitasa kina uchafu. Ufunguo unarudi vizuri? Tafuta kwenye soleneoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) au rilei (swichi ndogo inayotumia umeme mdogo kupitisha mkubwa) iliyoganda.

Nimeweka swichi mpya, lakini stata bado inapiga "tik" moja na kunyamaza.

Betri na vichwa vyake vikiwa safi, waya wa bodi umekazwa, basi huenda umeme unaofika kwenye soleneoidi ni dhaifu kwa sababu ya nyaya zilizozeeka. Weka rilei, ukifuata namba zilizo kwenye miguu yake: waya wa ST wa zamani uende 86, 85 iende bodi, 30 ichukue umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 30, na 87 iende kwenye kituo kidogo cha stata. Kwenye gari la volti 24 rilei nayo iwe ya 24. Kuanzia hapo swichi inabeba umeme mdogo tu.

Spotilaiti, feni ya ziada na amplifaya ya muziki pia zisichukue umeme kwenye nyaya za swichi. Zipewe rilei na fyuzi yake kila kimoja.

Funguo zote zimepotea. Lazima nivunje?

Si lazima. Kwenye baadhi ya magari ya Kijapani namba ya ufunguo imegongwa kwenye kitasa cha mlango wa mbele wa abiria, na fundi ufunguo anaweza kuchonga kwa namba hiyo, au kwa kusoma vibati vya kitasa cha mlango kilichotolewa. Nenda na kadi ya gari na kitambulisho. Fundi asiyeviulizia usimwachie gari.

Kabla ya kurudisha kava, nikague nini?

Rudisha waya hasi. Pitia LOCK, ACC, ON, START, na uhakikishe ufunguo unarudi wenyewe kutoka START. Taa za betri na oili ziwake ON na zizime injini ikishika. Zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, na kama nguzo inapanda na kushuka, ishushe na kuipandisha, ukitazama nyaya zisibanwe wala kusuguliwa. Zima, chomoa ufunguo, geuza usukani hadi loki ishike, kisha ufungue tena mara kadhaa. Jaribu honi, indiketa na waipa, kwa sababu soketi zake ziko palepale na huchomoka bila kuonekana. Kava zifungwe baada ya hapo, skrubu fupi kwenye matundu yake. Ndefu ikiingia pasipo pake hutoboa waya.